Mkanda wa Athi: Njia ya Umeme wa Gari Kurudi Kwenye Betri

Fungua boneti ya gari lolote dogo linalobeba abiria kati ya Sumbawanga na Matai, utaona nyaya mbili nene zimetoka kwenye betri. Ule wa chanya kila dereva anaufahamu na kuuogopa. Wa hasi hauendi mbali. Umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, hatua fupi tu kutoka betri ilipo, na kutoka hapo waya mwingine, au utepe bapa uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba, unavuka kwenda kwenye giaboksi au ubavuni mwa injini. Huo utepe ndio ninaouandikia. Mafundi wanauita athi. Wengine waya wa athi, wengine waya wa bodi. Bei yake ni ndogo kuliko ya karibu kila kifaa kinachoutegemea, na vinavyoutegemea ni vingi: stata, oltaneta, plagi, vipimo vya injini, kontroboksi yenyewe.

Sababu ya kuwepo kwake ni kwamba gari hutumia bodi yake kama waya. Taa ya nyuma inaletewa umeme kwa waya mmoja kutoka mbele; wa kurudi ni mfupi sana, umefungwa kwenye bati lililo karibu, na kutoka hapo umeme unarudi mbele kwa kupita kwenye bodi. Watengenezaji wanaokoa shaba nyingi kwa mpango huo. Lakini injini haikukaa juu ya bodi chuma kwa chuma. Imekalia mauntini za mpira ili mtikisiko wake usiwafikie abiria, na mpira haupitishi umeme. Pasipo kitu cha kuvuka hapo, injini ni kisiwa. Stata imefungwa kwenye injini, oltaneta imefungwa kwenye injini, na umeme wa vyote viwili sharti uvuke kwa njia hiyo. Mkanda umesukwa, si kipande kimoja cha shaba, kwa sababu injini hutikisika maisha yake yote, na shaba nzima ingechoka na kukatika.

Neno athi tumelipata kwa Waingereza, wanaosema earth. Wamarekani husema ground. Yote mawili maana yake ni ardhi, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana gari limesimama juu ya matairi ya mpira na umeme wake hauna shida yoyote na udongo. Umeme uliotoka kwenye kichwa chanya cha betri hautafuti kwenda chini. Unatafuta kurudi kwenye kichwa hasi cha betri ileile. Ukilining'iniza gari hewani kwa kreni, litawaka kama kawaida.

Athi ya nyumbani ni habari nyingine kabisa. Kule kuna fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya ukuta, na waya wa kijani wenye mstari wa njano unaoingia mpaka kwenye soketi. Iwe umeme unatoka Zambia, kama mji wa Sumbawanga ulivyopata wake kwa miaka mingi, au unatoka kwenye jenereta ya gesti, kazi ya waya ule ni moja: kukaa bure. Siku za kawaida haupitishi kitu. Unangoja siku waya wa moto utakapogusa bati la friji au pasi, ili umeme ukimbilie chini badala ya kupita kwa mtu aliyeshika. Waya wa athi wa gari haungoji ajali. Kila unapowasha taa, kila unapopiga stata, mkondo mzima unapita humo.

Tena kuna mnyororo unaoburuzwa chini ya lori la mafuta, nao wapo wanaouita athi. Huo kweli unagusa ardhi, na kazi yake ni kumwaga chaji inayojikusanya kwenye tangi ili cheche isiruke wakati wa kushusha mafuta. Na kwa mchomeleaji vyuma, athi ni ile koleo anayoibana kwenye chuma kabla hajaanza kuchomelea. Hiyo haiendi ardhini; inarudisha mkondo kwenye mashine ya kuchomelea. Mchomeleaji na fundi umeme wa magari wanalitumia neno kwa maana moja, hata kama hawajawahi kukaa pamoja wakakubaliana.

Lugha nyingine zimeshatenganisha mambo haya. Kwenye vitabu vya magari vya Kijerumani utakuta Masse, na neno Erde limeachiwa nyumba na mitambo. Wafaransa vilevile: masse kwa gari, terre kwa udongo. Fundi wa Moba au Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyesomea ufundi wake kwa Kifaransa, ana maneno mawili pale ambapo fundi wa Kasanga ana moja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba athi ya gari isitafsiriwe kuwa ardhi. Mtu anayetunga orodha ya istilahi akiwa na kitabu cha Kiingereza mkononi ataandika "mkanda wa ardhi" bila kusita, na mwanafunzi wa VETA atakayeusoma ataanza kutafuta ni wapi gari linagusa chini. "Waya wa hasi" nao haufai kuwa jina, ingawa mdomoni ni mwepesi. Land Rover za zamani, zile zilizotengenezwa mpaka miaka ya 1960, zilifungwa kichwa chanya cha betri kwenye bodi. Athi yao ilikuwa chanya, na fundi aliyeunganisha kwa mazoea ya leo aliweza kuharibu dainamo. "Waya wa bodi" uko karibu zaidi na ukweli, na mimi ninaupenda, ila kwenye malori mkondo hurudi kwa chesisi, na mkanda wenyewe pengine haugusi bodi mahali popote.

Gerejini athi imeshaachana na udongo. Fundi akisema "hapa hakuna athi" anamaanisha umeme hauna pa kurudia, na mwenzake anamwelewa hapohapo. Basi tuichukue hivyo hivyo. Athi: njia ya chuma au waya inayorudisha mkondo kwenye betri au kwenye mashine. Mkanda wa athi: utepe uliosukwa unaounganisha injini, giaboksi, kabini au boneti na njia hiyo. Waya wa athi: ule wa mviringo wenye ganda. Kwa nyumba tuseme waya wa ardhini, kwa kuwa huko kweli ndiko unakokwenda. BAKITA, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967 na yenye kazi ya kusanifisha istilahi, haitakuwa na la kubuni hapa; kazi imeshafanywa na watu wenye grisi mikononi.

Jina sahihi lina faida kwenye mfuko pia. Anayeijua athi kuwa ni njia ya kurudia ataikagua gari linapogoma. Anayedhani ni ya usalama tu, kama ya nyumbani, ataiacha na kwenda kununua betri.

Hesabu yenyewe ni fupi. Stata ya gari dogo la petroli huvuta kama ampea 150 wakati wa kuzungusha injini. Ukinzani wa njia ya kurudia ukiwa sehemu moja ya mia ya omu tu, 0.01, volti 1.5 zinapotea hapo. Betri iliyobaki na volti 10 na nusu wakati wa kupiga stata sasa inaipa stata volti 9, na asubuhi ya baridi hizo ni chache. Zilizopotea hazikwenda hewani: zimegeuka joto la wati 225 kwenye bolti moja, na ndiyo sababu bolti ya athi mbovu huunguza kidole ukiigusa baada ya kupiga stata mara kadhaa. Taa ya ndani yenye wati 5 haitakuonyesha ubovu huo. Itawaka vizuri tu, kwa kuwa mkondo wake ni mdogo mno kuhisi kizuizi hicho. Dereva anaiona inawaka, anasema umeme upo.

Uwanda wa Ufipa una baridi ambayo mtu wa Pwani haitarajii Tanzania. Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai kipimajoto hushuka mpaka nyuzi 10 na chini yake. Oili inakuwa nzito, betri inatoa nguvu kidogo kuliko mchana, na athi iliyokuwa ikivumiliwa tangu Machi inajulikana.

Pale Msanzi, kando ya barabara ya Matai, niliiona asubuhi moja ya namna hiyo. Gari lilikuwa na abiria ndani, magunia ya maharage nyuma, na stata ilikuwa inatoa mlio mmoja tu, tak, kisha kimya. Vijana walishasukuma mara mbili. Betri ilikuwa mpya. Dereva alikuwa ameinunua wiki hiyohiyo na stata ilishafunguliwa na kubadilishwa brashi. Fundi aliyeitwa alikuja na waya wa kubustia mabegani na hakuuliza habari ya betri nyingine. Alishika waya mweusi peke yake, akabana mdomo mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye sikio la chuma la injini, penye chuma kitupu. "Piga stata, mzee." Injini ilizunguka kwa nguvu, ikawaka. Akautoa waya, akazima, akamwambia apige tena: tak. Akaurudisha, ikawaka. Hapo hakukuwa na la kubishania. Chini ya trei ya betri mkanda ulikuwa umebaki na nyuzi chache, nyingine zote zimegeuka unga wa kijani, na bolti yake ilizunguka kwa vidole.

Jaribio hilo halihitaji kifaa cha kununua, na kila dereva anaweza kulifanya mwenyewe. Lakini gari nyingi hazigomi kabisa. Zinanung'unika kwa njia nyingine, na umeme ulionyimwa njia yake hutafuta nyingine. Ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto la injini unapanda bila injini kuchemka. Ukiweka indiketa, taa ya breki nayo inapepesa kwa unyonge, kwa kuwa mkondo wa taa moja unarudi kupitia nyingine. Redio inavuma kufuata mzunguko wa injini. Kontroboksi inasoma namba za uongo kutoka kwenye sensa, inaongeza au kupunguza mafuta pasipo sababu, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na mwenye gari anauziwa sensa. Dalili iliyo mbaya kuliko zote ni kebo ya ekseleta au ya klachi iliyopata moto. Mkanda ukikatika, mkondo wa stata hupita kwenye kile kinachounganisha injini na bodi, na mara nyingi ni kebo hiyo nyembamba ya chuma. Ganda lake la ndani linayeyuka na ekseleta inakwama. Kebo ikibadilishwa na athi ikaachwa, mpya nayo itaungua.

Kinachoiua athi ni kutu, rangi na mtikisiko. Kuhusu kutu, Ufipa ni nchi iliyoijua mapema. Kabla gari halijafika huku, Wafipa walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe kwa malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, kisha wakikisafisha tena katika tanuri dogo, kintengwe. Kazi ya makaa katika tanuri ni kukinyang'anya chuma oksijeni iliyoshikamana nacho ndani ya jiwe. Kutu ni chuma kinaporudiana na oksijeni hiyo. Kwa umeme, chuma kitupu ni barabara na kutu ni ukuta. Tabaka jembamba kama karatasi chini ya bolti latosha kuleta ile 0.01 ya omu.

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kwisha Aprili, na tope la miezi hiyo hukaa kwenye pembe za chini ambako mkanda umefungwa. Gari linalopanda na samaki kutoka Kasanga, au kutoka Bonde la Rukwa kwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa, hudondokewa na maji ya chumvi kama shehena ni samaki waliotiwa chumvi. Na mengi ya magari yetu yameletwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Yaliyokaa Hokkaido na mikoa mingine ya theluji yalitembea kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, yakafika bandari ya Dar es Salaam yakiwa yanang'aa juu na kutu ikiwa imeshaanza chini. Giaboksi nyingi za siku hizi ni za alumini. Shaba na alumini zikigusana penye maji ya chumvi huwa betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Ndiyo sababu mkanda mzuri umepakwa bati: rangi yake ni ya fedha, si nyekundu ya shaba.

Rangi ni kosa letu wenyewe. Gari limegongwa, limenyooshwa, limepigwa rangi, na bolti ya athi imefungwa juu ya rangi mpya. Ile bolti imekaza, inang'aa, na haipitishi kitu isipokuwa kupitia meno yake. Ukinunua gari lililopigwa rangi upya, anza kukagua hapo.

Kupima kwa uhakika kunahitaji tesa ya namba. Usipime omu, waya uliobakiza nyuzi tatu utaonyesha omu karibu na sifuri kwa sababu tesa inapitisha mkondo mdogo sana. Pima volti wakati mkondo mkubwa unapita. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, weka tesa kwenye volti 20 za betri, ncha moja iguse kichwa hasi chenyewe (kile kidole cha risasi, sio kibano chake) na nyingine chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma 0.2 au chini yake, athi ni nzima. Ikipita 0.5, hakuna haja ya kuendelea kutafuta. Sogeza ncha hatua kwa hatua, kutoka kidole cha betri hadi kibano, hadi bolti ya bodi, hadi mwisho wa mkanda, na pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Ukishaona, anza kwa kufungua waya wa hasi wa betri, na uwe wa mwisho kurudishwa. Ukitangulia kufungua wa chanya, spana ikigusa bodi mkondo wote wa betri utapita kwenye spana, na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni inayowaka kwa cheche moja. Fungua mkanda pande zote mbili. Sugua chuma kwa brashi ya waya na msasa mpaka king'ae, upana unaozidi kidogo kichwa cha mkanda, pande zote: bodi, injini, washa, na uso wa mkanda wenyewe. Washa yenye meno ni bora kwa kuwa huuma chuma. Kaza. Grisi au vaselini inapakwa baada ya kukaza, kwa nje, kuzuia maji. Wapo wanaopaka kwanza na kufunga juu yake. Bolti ikikazwa sawasawa itaisukuma kando, ila kwa mkono usio na uhakika ni afadhali kusubiri.

Mkanda uliokatika nyuzi hautengenezwi wala kuunganishwa kwa kusokota. Badilisha. Nunua wenye unene uleule au zaidi. Kwa gari dogo la petroli milimita za mraba 25 zinatosha, dizeli kubwa hutaka 50 hadi 70. Kinachoniuma ni waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 kufungwa mahali hapa, jambo linalofanyika kwa sababu waya huo upo kila duka la vifaa. Nusu mita yake, kwa ampea 150, inapoteza nusu volti na kuchemka kwa zaidi ya wati 70. Ganda litayeyuka kabla ya msimu kwisha. Kama mkanda haupatikani Sumbawanga siku hiyo, kata kipande cha kebo nene ya betri na ubanishe vichwa vya shaba vyenye tundu kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo. Uache ulegee kidogo, injini ipate kucheza, na upite mbali na ekzosi na mkanda wa feni.

Fuso zinazoshusha mahindi ya Ufipa kwenda Tunduma na mbele zina volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana, na sanduku la betri liko kwenye chesisi mbali na injini. Hapo njia ya kurudia ina mikanda mitatu: betri kwenda chesisi, chesisi kwenda giaboksi, na chesisi kwenda kabini. Wa kabini ndio unaosahaulika. Kabini huinuliwa kila injini inapofanyiwa kazi, mkanda unajikunja na kukunjuka, na siku ukikatika dashibodi nzima inachanganyikiwa huku injini ikiwaka vizuri. Watu hufungua dashibodi siku mbili kabla ya kuinama chini yake.

Na bodi za malori hayo huchomelewa mara kwa mara. Kabla mchomeleaji hajawasha mashine, fungua waya wa hasi wa betri, chomoa kontroboksi ikiwezekana, na athi yake aibane karibu kabisa na anapochomelea, kwenye kipande kilekile cha chuma. Akiibana kwenye bampa la mbele huku anachomelea nyuma, mkondo wa kuchomelea wenye mamia ya ampea utarudi kwa njia yoyote utakayoipata: kupitia mikanda, bearingi za giaboksi, nyaya za kontroboksi. Akishamaliza, rudisha waya na upime volti za athi ya injini na ya kabini kabla lori halijapakia.